Tunatia klorini, lakini E. coli bado ipo: je, tuongeze dawa?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya mradi mdogo wa maji. Maji yetu tunayatoa kwenye kijito, yanateremka yenyewe hadi kwenye tangi la lita 50,000, kisha yanakwenda kwa bomba hadi kwenye magati matano, yaani vituo vya kuchotea maji. Watu hutumia karibu tangi zima kwa siku. Kila Jumatatu asubuhi fundi wetu humimina kopo moja la unga wa klorini wa asilimia 65, kama gramu 300 hivi. Siku hiyo watu hulalamikia harufu. Hata hivyo, mwezi uliopita, baada ya mvua iliyofanya maji kuwa na rangi ya chai, maabara ilikuta E. coli, bakteria wa kinyesi, kwenye magati mawili ya mwisho. Wengine kwenye kamati wanasema tutie makopo mawili. Wengine wanataka tununue mashine ya mwanga wa urujuanimno. Tufanye lipi?

Jibu: Ndugu katibu, makopo mawili, hapana. Mashine ya mwanga, bado. Nitaeleza kwa urefu, maana barua yako imetaja mambo matatu kwa kupita tu, na kwangu hayo ndiyo kiini cha tatizo: dawa inatiwa Jumatatu pekee, maji yanageuka rangi ya chai mvua ikinyesha, na magati yaliyokutwa na E. coli ni yale ya mwisho wa laini.

Tuanze na Jumatatu. Gramu 300 za unga wa asilimia 65 zina gramu 195 za klorini yenyewe. Ukizigawa kwenye lita 50,000 unapata karibu miligramu 4 kwa kila lita. Hicho ni kiwango kikali, kinakaribia miligramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa ukomo wa klorini katika maji ya kunywa. Si ajabu watu wanakunja pua. Lakini tangi lenu halikai kama pipa lililofunikwa. Maji yanaingia na kutoka mchana na usiku, kiasi cha tangi zima kwa siku. Kwa hesabu ya kuchanganyika peke yake, Jumanne asubuhi imebaki miligramu 1.4 hivi, Jumatano nusu miligramu, Alhamisi chini ya 0.2, na Ijumaa hakuna kitu cha kutaja. Na hiyo ni hesabu ya maji safi kabisa, yasiyokula klorini. Maji yenye rangi ya chai huila klorini kwa pupa, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba kwenye wiki ya mvua watu wenu walikuwa wakinywa maji ya kijito bila dawa yoyote kuanzia Jumanne. Mkitia makopo mawili, Jumatatu maji hayatanyweka, watu watakimbilia madimbwi na visima vya wazi, na Alhamisi mtakuwa palepale.

Hapa ndipo ninapowasihi mbadili namna ya kufikiri. Hesabu inayolinda watu ni ya klorini iliyobaki baada ya maji kula alichotia fundi. Klorini ikiingia kwenye maji, haichagui adui. Inashambulia bakteria, lakini pia inashambulia majani yaliyooza, chuma kilichoyeyuka, amonia inayotokana na kinyesi na mkojo, tope, na utando wa ute ulioganda ndani ya kuta za tangi. Vyote hivyo vinaitumia. Kinachosalia baada ya ulaji huo ndicho kinachoitwa klorini baki, na ndicho pekee kinachomlinda mtu anayekinga ndoo. Kiwango kinachopendekezwa ni angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya maji kukaa na dawa kwa dakika 30, na isipungue 0.2 kwenye koki ya mbali kuliko zote.

Kuipima si kazi ngumu. Kuna kifaa kidogo cha mkononi, chenye kichupa cha kioo na kipande cha rangi za kulinganishia. Unakinga maji ya koki, unadondosha kidonge cha DPD, unakiponda na kutikisa. Maji yakigeuka waridi, klorini ipo. Waridi ikikolea, ni nyingi. Yakibaki meupe kama yalivyotoka, hakuna. Niliwahi kusimama kwenye gati moja la mwisho wa laini pamoja na mwendesha mtambo aliyeshika daftari lenye 0.5 kila siku, miezi mitatu mfululizo, kwa mwandiko uleule na wino uleule. Tulidondosha kidonge. Tukatikisa. Tukasubiri. Kile kichupa kilibaki cheupe, na mama aliyekuwa akikinga maji pembeni yetu akauliza, "Sasa hiyo ina maana gani?" Sijapata kusahau jinsi ilivyokuwa vigumu kumjibu akiwa ameshajitwisha ndoo.

Msidhani hilo ni jambo dogo linalotokea mahali pasipo na uwezo tu. Mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisukuma samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafa. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba klorini baki haikuwa ikipimwa kila siku kama ilivyotakiwa, na tarakimu za uongo zilikuwa zikiandikwa kwenye kumbukumbu. Kipimo kinachosoma klorini mfululizo kingewastua mapema. Kwenu nyinyi, kichupa kimoja na vidonge, kila asubuhi, kwenye gati la kwanza na la mwisho, kinafanya kazi hiyohiyo.

Sasa kuhusu muda. Nguvu ya klorini hupatikana kwa kuzidisha kiasi kilichobaki kwa dakika ambazo maji yamekaa nayo. Nusu miligramu kwa dakika 30 inatoa 15. Kwa E. coli na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, 15 ni nyingi mno. Hao hufa mapema. Virusi vingi vya tumboni pia vinamalizwa. Jiardia, kijidudu kinachojifunika gamba gumu na kuleta kuhara kwa muda mrefu, anahitaji makumi kadhaa, na maji yakiwa ya baridi anahitaji zaidi ya 100. Halafu yuko kriptosporidiamu. Huyu gamba lake linamkinga kiasi kwamba kumpunguza hadi abaki mmoja kati ya elfu kunahitaji takriban 15,300. Kwa miligramu moja kwa lita, hizo ni zaidi ya siku 10 za kusubiri. Kwa maneno mengine, klorini ya maji ya kunywa haimwezi.

Ndiyo sababu ripoti ya maabara inayosema "E. coli hakuna" isiwalaze usingizi. E. coli tunamtafuta kwa kuwa ni shahidi: akiwepo, kinyesi kimefika. Lakini yeye ni dhaifu mbele ya klorini kuliko wenzake wanaosafiri naye. Anaweza kuwa amekufa huku jiardia na kriptosporidiamu wakiendelea na safari. Na kijito kinachopita kwenye malisho ya mifugo, kama ninavyodhani chenu kinapita, kina uwezekano mkubwa wa kuwabeba.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu husahau, nalo ni utindikali au ualkali wa maji unaopimwa kwa pH. Klorini majini hujigawa sura mbili, moja kali na nyingine dhaifu mara nyingi kuliko hiyo. Kwenye pH 7.5 zinakaribia kugawana nusu kwa nusu. Kwenye 8.5 ile kali imebaki sehemu moja kati ya kumi hivi. Pimeni pH mara moja kwa msimu; ikiwa chini ya 8, endeleeni na mambo mengine.

Nije kwenye rangi ya chai, maana ndipo penye uzito kuliko pote. Klorini ni mlinzi wa mwisho, na mlinzi wa mwisho hawezi kusimama peke yake. Bakteria aliyejificha ndani ya chembe ya tope au kipande cha kinyesi haguswi na dawa iliyo nje ya chembe. Maji yanayokwenda kutiwa klorini yanatakiwa yawe na tope chini ya 1 kwa kipimo cha NTU. Jicho la kawaida huanza kuona ukungu kwenye 4 hivi. Maana yake, hata maji mnayoyaona angavu kama kioo yanaweza kuwa na tope linalotosha kuwaficha vijidudu, sembuse yale ya rangi ya chai.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji huo ulichota maji ya mto Elbe na kuyasambaza bila kuyachuja. Ukuta kwa ukuta nao ulikuwa mji wa Altona, uliochota maji ya mto huohuo, tena upande wa chini, mahali ambapo majitaka ya Hamburg yalikuwa yamekwisha kuingia. Kwa hesabu ya haraka, Altona ndiyo ingeangamia. Lakini Altona ilipitisha maji yake kwenye vitanda vya mchanga kabla ya kuyagawa, ikapata wagonjwa wachache mno ikilinganishwa na jirani yake. Robert Koch, daktari na mtaalamu wa bakteria, alipochunguza, aliona mpaka wa ugonjwa ukifuata mpaka wa mabomba, hata pale ambapo majirani walitenganishwa na barabara moja tu. Klorini haikuwemo kabisa katika habari hii. Ulikuwa ni mchanga.

Na upande wa pili wa sarafu ni Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Huko klorini ilikuwepo, tena ya kutosha. Kilicholegea ni uchujaji katika mtambo mmoja: tope la maji yaliyochujwa likapanda kwa siku kadhaa, kriptosporidiamu akapita, na watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 wakaugua. Kila nikisoma habari hizi mbili pamoja naona jinsi tulivyozoea kuipa chupa ya dawa sifa ambayo nusu yake ni ya mchanga.

Kwa mradi wa ukubwa wenu, wenye mteremko na eneo, ningejenga chujio la mchanga la mwendo wa polepole kabla ya tangi. Halihitaji umeme wala dawa. Ni kisanduku cha zege chenye changarawe chini na mchanga safi, laini, wa kina cha sentimita 80 hadi mita moja juu yake, na maji yamesimama juu ya mchanga muda wote. Maji yanashuka kama sentimita 10 kwa saa, taratibu mno. Kwa mwendo huo kila mita moja ya mraba inatoa lita 2,400 kwa siku, kwa hiyo lita zenu 50,000 zinahitaji mita za mraba 21 hivi. Jengeni visanduku viwili vya mita za mraba 11 kila kimoja. Kimoja kikisafishwa, cha pili kinaweza kubeba mzigo kwa sentimita 20 kwa saa kwa muda mfupi.

Kinachosafisha maji humo si matundu ya mchanga peke yake. Bakteria ni mdogo mno, angepita kati ya punje bila kugusa pembeni. Baada ya wiki chache za kufanya kazi, juu ya mchanga huota utando mwembamba wa kahawia, unaoteleza ukiugusa kwa kidole, uliojaa mwani, bakteria wasio na madhara na vijidudu vinavyowala wenzao. Humo na sentimita chache chini yake, vijidudu vya magonjwa hunaswa, huliwa au hufa kwa njaa. Chujio lililokomaa hupunguza bakteria kwa asilimia 90 hadi 99 au zaidi, na hao wenye magamba magumu huzuiwa vizuri. Kwa sababu hiyo kuna makosa mawili ambayo fundi wenu asiyafanye kamwe. Asitie klorini kabla ya chujio, maana ataua jeshi linalomsaidia. Na asifunge maji usiku, maana utando ule ni kiumbe hai. Ukikosa maji yanayotembea na hewa iliyomo ndani yake, unakufa na kuoza.

Chujio likiziba hadi maji hayapiti vya kutosha, anashusha maji na kukwangua sentimita moja au mbili za juu kwa koleo bapa, anazitoa, kisha anarudisha maji polepole. Siku za mwanzo baada ya kukwangua, maji hayo yamwagwe au yategemee klorini kwa uangalifu zaidi, kwa sababu utando mpya haujaota.

Udhaifu wa chujio hili ni tope zito. Maji yakizidi NTU 20 hivi kwa muda mrefu, linaziba kwa siku chache. Dawa yake ni changarawe: mtaro au tangi dogo la changarawe za ukubwa unaopungua hatua kwa hatua, ambamo maji yanapita kwanza na kuacha mzigo wake. Na kuna dawa nyingine ambayo mnaweza kuianza wiki hii bila kujenga chochote: fungeni banio, yaani mahali maji ya kijito yanapoingia bombani, pale mvua inapoanza. Maji ya saa za kwanza za mvua ndiyo yanayofagia mavi ya mifugo, uchafu wa njiani na kila kilicholala ukingoni. Tangi likiwa limejaa mna karibu siku moja ya akiba. Yaacheni yale ya kwanza yapite, fungueni kijito kikianza kutulia. Nimeona hatua hii peke yake ikileta tofauti kubwa kuliko kopo lolote la dawa.

Huenda mtu akawashauri shabu. Shabu ni nzuri sana kwa tope la udongo mfinyanzi, lile ambalo hata likisubiri siku mbili halitui. Jaribuni mjionee: yeyusheni gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji safi, kisha pangeni chupa angavu sita za maji ya kijito, lita moja kila moja. Ya kwanza itieni mililita 1, ya pili 2, hadi ya sita. Korogeni kwa kasi dakika moja, kisha polepole sana dakika 10 hadi 15. Mtaona vitu kama nyuzi za pamba vikianza kuumbika majini, vikishikana, vikinenepa, vikizama. Baada ya nusu saa, chupa iliyo angavu kwa shabu kidogo kuliko zote ndiyo kipimo chenu. Kila mililita ni miligramu 10 kwa lita. Lakini kipimo hicho hubadilika kijito kinapobadilika, na mradi unaoendeshwa na fundi mmoja hauwezi kuubeba mzigo huo kila siku. Kwa hiyo shabu iwe akiba ya majuma mabaya, mchanga uwe kazi ya kila siku.

Kuna faida nyingine ya kusafisha kabla ya dawa. Klorini ikikutana na mabaki ya majani na mimea huzalisha kemikali zisizotakiwa, jambo ambalo limejulikana tangu mwaka 1974 kutokana na kazi ya mkemia Johannes Rook huko Uholanzi. Wapo wanaolitumia kuwatisha watu waache klorini kabisa. Hilo silikubali hata kidogo, na Shirika la Afya Duniani nalo linasema wazi kwamba kuua vijidudu kusilegezwe kwa hofu ya kemikali hizo. Kuhara kunaua mtoto wiki hii. Ila ukiondoa majani na tope kwanza, unatia klorini kidogo, na kemikali hizo zinapungua zenyewe.

Sasa namna ya kutia. Achaneni na kopo la Jumatatu, tumieni matone. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa methali hiyo ni uhandisi mtupu. Lakini kwanza mjue maji yenu yanakula kiasi gani. Tengenezeni mchanganyiko wa asilimia 1, yaani gramu 15 hadi 16 za unga wenu kwenye lita moja ya maji. Chukueni ndoo nne za lita 20 za maji yanayoingia kwenye tangi. Ya kwanza itieni mililita 2 za mchanganyiko, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8. Hizo ni miligramu 1, 2, 3 na 4 kwa lita. Korogeni, funikeni, subirini dakika 30, kisha pimeni kwa vidonge. Ndoo ya kwanza kusoma 0.5 au kuzidi kidogo ndiyo inayowaambia dozi ya kuanzia. Rudieni zoezi hili msimu ukibadilika, na siku moja baada ya mvua kubwa, mkiwa mmefungua banio tena.

Tuseme jibu ni miligramu 2. Kwa lita 50,000 mnahitaji gramu 100 za klorini kwa siku, ambazo ni gramu 154 za unga. Ziyeyusheni kwenye lita 10 za maji na mpate mchanganyiko wa asilimia 1, kisha uachwe udondoke pale maji yanapoingia tangini, kama mililita 7 kwa dakika. Ili matone yasipungue pipa linapokaribia kwisha, mrija wa kunyonya ufungwe kwenye kielea, ukae sentimita zilezile chini ya uso wa dawa muda wote. Uacheni mchanganyiko utue usiku kucha, mchote juu yake tu, kwa sababu unga huo huacha machicha meupe yanayoziba mrija. Daima unga utiwe kwenye maji, si maji kwenye unga. Unga huo usikae karibu na mafuta, dizeli wala tindikali, na chombo chake kifungwe kikae mahali pakavu penye kivuli. Unga uliokaa wazi hupoteza nguvu, kisha fundi hulaumiwa kwa kosa la chombo.

Angalieni pia bomba la kuingizia liko wapi. Kwenye matangi mengi niliyoyapanda, maji yanaingia upande uleule yanakotokea, hatua mbili tu kati yao. Kwa hesabu maji yanakaa tangini siku nzima. Kwa ukweli baadhi yanapita kwa dakika chache bila kupata zile dakika 30. Pelekeni bomba moja upande wa pili, au jengeni ukuta wa katikati unaoyalazimisha maji kuzunguka. Na msiruhusu tangi lishuke karibu na sakafu asubuhi watu wanapochota kwa wingi, kwa maana muda wa kukaa na dawa unashuka pamoja na kina.

Kuhusu mashine ya urujuanimno: ni chombo kizuri, na ndicho kinachomweza kriptosporidiamu ambaye klorini imemshindwa. Mwanga huo huharibu vinasaba vya kijidudu kiasi kwamba hawezi tena kuzaliana. Lakini unapaswa kumfikia. Kwenye maji ya rangi ya chai mwanga unamezwa njiani, na kioo kinachofunika taa kikishika utando, hali ni ileile. Baadhi ya virusi, hasa adenovirusi, vinahitaji mwanga mwingi mno kuliko mashine za kawaida zinavyotoa. Umeme ukikatika, kazi imesimama na maji yanaendelea kupita. Zaidi ya yote, mwanga hauachi chochote nyuma ya kulinda maji yakiwa bombani. Mkishakuwa na mchanga unaofanya kazi na umeme wa kuaminika, turudi kwenye mashine. Kabla ya hapo mtakuwa mmenunua taa.

Limebaki suala la magati mawili ya mwisho. Inawezekana kabisa klorini iliishia njiani, na hilo matone yatalitibu. Lakini kuna uwezekano wa pili. Bomba likikosa shinikizo, hasa tangi linapokwisha au valvu inapofungwa, kila ufa mdogo hugeuka mdomo unaonyonya maji machafu ya udongoni. Tembeeni laini yote kwa miguu, mtafute pale udongo ulipolowa au majani yalipostawi kuliko kwingine, hasa laini inapopita karibu na vyoo au kukatiza mtaro. Kuyatenganisha haya mawili kuna njia rahisi: kila mnapochukua sampuli ya E. coli, pimeni klorini baki papo hapo, koki ileile, dakika ileile. E. coli akikutwa na klorini ni sifuri, dawa haifiki. Akikutwa na klorini iko 0.4, kuna uchafu unaoingia karibu na hapo, au kuna tope linalomficha, au sampuli ilichafuliwa mkononi. Mwulizeni mtu wa maabara kama chupa zake zimetiwa sodiamu thiosulfeti, dawa ya kuzima klorini. Bila hiyo, klorini inaendelea kuua ndani ya chupa njiani, na majibu yanakuja mazuri kuliko ukweli. Sampuli ikae kwenye baridi na ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24.

Wakati mnajenga, waambieni watu ukweli leo. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu dakika moja, au dakika tatu mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha yapoe ndani ya chombo kilekile kilichofunikwa. Kuchemsha kunaua wote niliowataja, pamoja na kriptosporidiamu. Wenye watoto wachanga, wazee na wagonjwa waliopungukiwa kinga ya mwili waendelee hivyo mpaka chujio likomae na majibu mawili ya maabara yanayofuatana yawe safi. Kisha nitumieni namba za ndoo zenu nne na vipimo vya magati yote matano vya wiki mbili, pamoja na siku zilizonyesha mvua, nami nitawasaidia kupanga dozi ya msimu wa masika.